Matundu Sita ya Karavani

Mwaka ule nilikuwa na hofu nyingi, lakini iliyoninyima usingizi ilikuwa hofu ya mtungi wa gesi. Ulikuwa mtungi wa bluu, mfupi, mnene, na mume wangu aliuleta akiwa ameukumbatia kama mtu aliyeshinda mbuzi kwenye bahati nasibu. Akasema huu ndio utakaotupikia na kututia joto. Nikamwambia auweke mbali na tumbo langu.

Tulikuwa tunaishi Northfield, mtaa mmoja wa Birmingham, Uingereza, chumba kimoja ghorofani, mimi na yeye na mimba ya miezi minne. Mimi nilikuwa nesi katika hospitali moja upande wa Edgbaston. Yeye alitengeneza mabehewa katika karakana ya reli kule Tyseley, zamu ya usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa ametuvumilia miaka miwili: vitunguu vyetu, redio yetu, na wageni wetu wa Jumapili waliocheka kwa sauti. Lakini alipoona tumbo limeanza kutangulia mlangoni, alituambia kwa upole kabisa kwamba nyumba yake si ya watoto, na kwamba Krismasi ingekuwa wakati mzuri wa kuagana. Tukaanza kutafuta chumba kingine. Miaka ya nyuma walibandika vibao dirishani kusema hawataki watu weusi. Sheria ilipokataza vibao, wakawa wanatuambia tu kwamba chumba kimechukuliwa asubuhi hiyohiyo. Vyumba vya Birmingham vilichukuliwa sana asubuhi, mwaka ule.

Ndipo mume wangu akanunua karavani. Karavani ni ile nyumba ya magurudumu ambayo Waingereza huifunga nyuma ya gari wakaenda nayo pwani kukaa ndani na kutazama mvua. Yetu ilikuwa ya mbao, kuukuu, iliyotengenezwa humuhumu mjini katika kiwanda kilichokwisha kufungwa. Dari ilikuwa na ukungu mweusi, kuta za plaiwudi zimevimba, na mlango ukifungwa kwa nguvu dirisha la pembeni yake lilifunguka lenyewe. Niliingia nikazunguka mara moja, nikatoka.

"Unaionaje?" akaniuliza.

"Naona umeninunulia banda la kuku."

"Ngoja nikuonyeshe," akasema. Mume wangu alikuwa mtu wa kungojewa.

Karavani hiyo ilisimama katika uwanja wa gereji Tyseley. Gereji ilikuwa ya mpwa wa Singasinga mmoja mzee, ambaye tulimwita Fundi. Mzee huyu alifanya kazi katika karakana ya reli Nairobi tangu ujana wake hadi ndevu zikawa nyeupe, kisha akawafuata watoto wake Uingereza. Kiingereza alikijua cha namba za spana tu. Kwa hiyo pale Tyseley, kwenye matope na vyuma chakavu, sisi watatu tulizungumza Kiswahili, na mpwa wake mzaliwa wa Birmingham alitukodolea macho.

Fundi hakujua kusoma, na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Nairobi alipopewa mashine ngeni, karani alimsomea kitabu chake mstari mmoja. Yeye aliurudia kwa sauti. Kisha aliweka mkono juu ya kile kitu kilichotajwa, na baada ya hapo ndipo aliposhika spana. "Soma, rudia, gusa, fungua," alikuwa akisema. "Na kitu kama hujui kazi yake, wacha. Mtu alitengeneza, iko sababu." Mume wangu alimheshimu sana ila kwa hili alimcheka. Yeye alikuwa fundi wa kusifiwa, na mnajua mgema akisifiwa hufanya nini na tembo.

"Mimi nabeba roho za watu kwenye mabehewa kila siku," aliniambia. "Kibanda hiki ndicho kitakachonishinda?"

"Bila kitabu chake," nikamjibu, "mimi na mwanangu hatulali humo."

Sikuwa nafanya deko. Hofu yangu ilikuwa na asili yake. Kwetu ni milimani Taita, mahali ambapo mtu wa Voi akipanda huomba sweta. Nilipokuwa na miaka tisa, mama mdogo alijifungua mwezi wa Julai, kwenye baridi kali na ukungu. Akawekewa jiko la makaa chumbani apate joto yeye na mtoto. Asubuhi nikatumwa nimpelekee uji. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri na kitambaa kimechomekwa chini yake kuzuia upepo, basi nikausukuma kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na bakuli. Walikuwa wamelala, mtoto kifuani, nyuso zao zina rangi nzuri kuliko ya jana. Niliwaita. Nikawaita tena. Kisha nikaweka uji chini, nikakaa nao kidogo, nikidhani wamechoka. Watu wazima walipokuja walisema makaa yamewaua, na mtu hakunieleza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mtu akiniambia nitajifungua kwenye baridi, nilale chumba cha mbao chenye moto ndani, mimi naona lile bakuli la uji. Sikumweleza mume wangu. Aliijua habari ya msiba, hakujua kwamba mimi ndiye niliyefungua mlango.

Nikaanza kutafuta kitabu. Nilifikiri ni jambo la siku moja. Nilikwenda maktaba kuu ya mjini siku yangu ya mapumziko, na mkutubi, binti mwenye subira, akaniletea vitabu vitatu vya karavani. Vyote vilikuwa vya karavani mpya, zenye picha za familia zinazocheka. Nikamwambia yangu ni ya zamani na haichekeshi. Akapiga simu huku na huku, akarudi na habari kwamba kile kiwanda kilipofungwa mashine ziliuzwa na makaratasi yakatupwa.

Nikaandika barua kwa gazeti moja la watu wa karavani, nao wakaichapa. Nikapata majibu matatu. Wa kwanza aliuza mapazia. Wa pili alitaka kuinunua karavani yetu. Wa tatu, Mungu ambariki, alinitumia ukurasa mmoja wenye mchoro wa mabomba ya gesi. Nikaupeleka mbio Tyseley, Fundi akaulaza juu ya boneti ya gari, akaniambia nisome. Nikasoma, akarudia, akaenda kugusa. Kwenye mchoro bomba lilipita kulia. Kwenye karavani yetu lilipita kushoto.

"Hii ya ndugu yake," akasema, akaukunja ukurasa taratibu akanirudishia. Nilikaa kwenye tairi nikalia, na mume wangu akaja kuniuliza nani kaniudhi.

Jumamosi nilipita kwenye meza za vitabu vikuukuu sokoni. Nilipata kitabu cha cherehani, cha trekta, cha mashine ya kukamua ng'ombe. Cha trekta nusura nikinunue, kwa vile tu kilikuwa na sura nzima ya usalama. Wauzaji walikwisha kunijua. Mmoja aliponiona kwa mbali alikuwa ananipungia mikono mitupu. Nami kila nikirudi bure, nilimkuta mume wangu kapiga hatua nyingine: paa limezibwa, sakafu imepigwa mbao mpya, kuta zimepakwa rangi ya maziwa. Yeye alikuwa anakimbia na mimi nilikuwa nachechemea nyuma yake, na mbele yetu kulikuwa na Krismasi.

Mwisho wa Novemba akafunga hita ya gesi. Fundi alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, wote wawili wakapiga magoti kutazama kama kuna povu. Hapakuwa na povu. Hita ikawaka moto mdogo wa bluu, safi, hauna moshi hata kidogo, na mume wangu akanitazama kama mtu anayengoja pongezi.

"Haya," nikasema. "Naona."

"Sasa bado unataka kitabu?"

"Bado nakitaka."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulikwenda wote. Yeye na Fundi walitoka kwenda kutafuta mpira wa dirisha. Lile dirisha la kufunguka lenyewe lilikuwa bado lina ufa wa upana wa kidole, na nilikuwa nimemgombeza wiki nzima. Nikabaki peke yangu kupanga vitu vya mtoto. Hita haikuwa imewashwa. Baridi ilinishika miguu, baridi ya kuuma mifupa, nami nikainama kutafuta inatokea wapi. Nikayaona matundu. Yalikuwa sita, kila moja la ukubwa wa mdomo wa kikombe, yamewekewa wavu wa waya: mawili chini ya kitanda, mawili nyuma ya jiko, mawili karibu na mlango. Upepo uliingia humo bila hodi.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilifikiri: wanaume wawili, mafundi wa reli, wamepiga mbao mpya wakaziacha na matundu! Kwetu milimani ukuta ukiwa na tundu, mwanamke huliziba kwa kitambaa kabla jua halijatua, na asiyeziba huitwa mvivu. Mama yangu alikuwa amenitumia kwa meli kanga mbili kuukuu, laini, za kumfungia mtoto, maana mtoto mchanga hafungwi kanga mpya. Nikachukua moja, ya rangi ya chungwa, nikatafuta mkasi, nikakata upindo wake vipande sita. Kila tundu nikalipa kipande chake, nikashindilia kwa kidole hadi upepo ukakatika. Waliporudi mume wangu akauweka ule mpira kando mpaka siku nyingine, akasema leo humu kuna ujoto kidogo, au ni mazoea? Nikatabasamu na sikusema. Nilitaka aone mwenyewe kwamba na mimi ni fundi.

Nesi mzima, jamani. Nilifundishwa darasani kwamba moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Niliandika hayo kwenye mtihani, nikapasi. Lakini elimu yangu niliiacha hospitali pamoja na kofia yangu, na mikono iliyoziba matundu yale ilikuwa mikono ya Taita.

Wiki hiyohiyo, wodini kwangu alikuwapo mzee mmoja Mwingereza mgonjwa wa kifua. Alikuwa na ulimi. Asubuhi ya Jumatano nilipokuwa namtandikia, akanitazama.

"Nesi, una uso wa mtu aliyefiwa. Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado," nikasema, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka nikamweleza yote, karavani na kitabu. Nilipotaja kiwanda alianza kucheka akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Alikuwa amefanya kazi pale, idara ya makabati, hadi siku ya kufunga. Kitabu anacho. Kila karavani ilitoka na kimoja, naye alichukua chake siku ya mwisho badala ya saa ya ukutani aliyoahidiwa.

Nilisimama na foronya mkononi nisiamini. Nilikuwa nimeandikia magazeti, nimeaibika sokoni, na kitabu kilikuwa kwa mtu niliyempima joto kila asubuhi. Ijumaa, saa ya wageni, mkewe alikileta ndani ya mfuko wa nyuzi za kufuma. Nesi haruhusiwi kupokea zawadi ya mgonjwa, na sista, nesi mkuu wa wodi yetu, alikuwa na macho ya kipanga. Mzee akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba hanipi, ananiazima, nitarudisha mtoto akishatembea. Nikakitia mfukoni mwa aproni. Nilikihisi pale pajani mpaka mwisho wa zamu, na kwa mara ya kwanza toka Oktoba nilipumua vizuri.

Hata asubuhi ya Ijumaa hiyo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Mume wangu alikuwa ameniambia tangu jana: "Kesho nikitoka kazini sirudi Northfield. Nitamalizia rangi ya kabati, halafu nawasha hita, nalala palepale mpaka uje. Nataka nione kama joto linakaa." Nami nikakubali. Mabomba yalikuwa yamepimwa. Na moyoni nilifurahi kwamba atalala pasipo upepo, kwa kazi ya mikono yangu.

Nilipanda basi la mzunguko saa kumi na nusu, giza la Desemba likiwa limekwisha kuingia. Nikapata kiti cha juu, karibu na taa. Nikakifungua kitabu. Kilikuwa chembamba, kurasa zake njano, na mchoro wa kwanza ulikuwa wa karavani yetu yenyewe, bomba likipita kushoto. Karibu nimwonyeshe mama aliyekaa jirani. Nikasoma habari za magurudumu, za paa, za kumwaga maji machafu. Tulipopita Bournville harufu ya chokoleti kutoka kiwandani iliingia basini kama siku zote. Nikafungua ukurasa wa hita.

Ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzito. Matundu ya hewa yaliyo sakafuni, sita kwa idadi, yasizibwe kwa sababu yoyote ile. Hita ikiwaka na matundu yamezibwa, waliomo ndani watalala na hawataamka.

Nikasoma tena. Kisha nikaona kile kitambaa cha chini ya mlango wa mama mdogo, ambacho nilikuwa nimekisukuma kwa mguu pamoja na mlango, na ambacho kwa miaka yote ile sikuwahi kukiuliza kilikuwa na kazi gani. Hawakuuawa na makaa. Na mimi, niliyepeleka uji, ndiye niliyekata kanga vipande sita nikamfungia mume wangu chumba.

Gereji haikuwa na simu. Nilishuka ngazi za basi nikishikilia tumbo, nikamwambia kondakta amwambie dereva aende haraka, mtu anakufa. Akaitazama sare yangu ya nesi chini ya koti, akaenda kweli kumwambia, lakini basi ni basi. Lilisimama Kings Heath watu wakapanda na mifuko yao ya soko. Mwanamke mmoja alihesabu sarafu moja moja na nilimchukia kwa roho yangu yote. Nilikuwa nasali kwa Kitaita, lugha ambayo nilikuwa sijasalia tangu nyumbani. Sikuomba mengi. Niliomba awe amechelewa kulala, awe amesahau kiberiti, awe amekwenda kununua chipsi, awe ananiudhi mahali popote pale ila si mle ndani.

Acocks Green nikashuka, nikakimbia. Mjamzito wa miezi sita hakimbii, lakini nilikimbia, na mtoto akawa anapiga mateke kana kwamba naye anataka tufike. Nilijikwaa mara moja kwenye ukingo wa njia nikachubuka kiganja. Kitabu sikukiachia.

Karavani ilikuwa imesimama kimya na taa inawaka. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke vyote, isipokuwa lile dirisha bovu. Nikashika mlango. Umefungwa kwa komeo, ndani. Nikagonga, nikaita. Nikaita tena. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ni ileile ya mtoto wa miaka tisa.

Fundi alitokea gerejini na nyundo mkononi. Sikuweza kumweleza. Nilisema tu, "Hewa, Fundi, hewa," naye hakuuliza. Alinisogeza pembeni kwa mkono, akachomeka bapa la nyundo kwenye ufa wa dirisha, akalivunja, akapitisha mkono na kulifungua komeo. Mume wangu alikuwa kitandani, ubavu, mdomo wazi. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri, na rangi ile niliijua.

Tulimvuta wawili, Fundi makwapani, mimi miguuni, tukamlaza chali kwenye matope. Nikampiga makofi ya shavu kwa nguvu nisizotakiwa kuwa nazo. Alikuwa anapumua. Nikamgeuza, nikaweka sikio kifuani, nikamtukana, nikambembeleza. Baada ya muda ambao hata leo siwezi kuupima, alitapika kwenye viatu vyangu. Sijawahi kufurahia matapishi ya mtu namna ile.

"Kichwa," akasema. "Kichwa kinapasuka. Mbona nimelala nje?"

Mpwa wa Fundi alikimbilia simu ya barabarani kuita ambulansi. Mzee mwenyewe aliingia ndani kufunga mtungi. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akipiga magoti, akipapasa sakafu, tundu hadi tundu. Akachomoa kitu, akakitazama kwenye mwanga wa taa. Rangi ya chungwa. Akachomoa cha pili, mpaka vikawa sita. Kisha akageuza uso, macho yetu yakakutana, nami nikajua amejua. Akavitia vyote katika mfuko wa koti lake.

"Nini hiyo, Fundi?" mume wangu akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Panya," akasema Fundi. "Hii nchi iko na panya mingi. Naziba matundu, natengeneza nyumba yake." Akapangusa ndevu zake, akaenda kuwangoja watu wa ambulansi barabarani.

Mume wangu alilazwa siku mbili kwa oksijeni. Daktari akamwambia kilichomwokoa ni ule ufa wa dirisha. Mume wangu alifurahi mno: uvivu wake aliokuwa akigombezewa ndio uliomponya, na alinikumbusha hilo kwa miaka mingi. Mimi nilikaa kando ya kitanda chake nikicheka anapocheka, na ndani naoza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyowaambia wagonjwa, na mimi nilikuwa nimeficha. Nilikuwa naogopa sasa kitu kingine. Niliogopa siku atakayonitazama ajue ni mimi, na aanze kula chakula changu kwa wasiwasi.

Alipotoka, Fundi alituweka wote wawili ndani ya karavani, akaniambia nisome ukurasa wa hita. Nikausoma kwa Kiswahili. Akaurudia. Akamwambia mume wangu aurudie, naye, bila kucheka safari hii, akarudia neno kwa neno, akaenda akagusa tundu moja baada ya jingine. "Soma tena," Fundi akaniambia. Nilisoma na machozi yananidondoka kwenye kitabu cha watu. Mume wangu akadhani ni mimba.

Tulihamia siku chache kabla ya Krismasi, kwa kuwa hatukuwa na pengine. Upepo ulipita vifundoni usiku na mchana, tukavaa soksi tatu tatu. Kila usiku kabla ya kulala nilishuka kitandani na tumbo langu kupapasa matundu, na nikirudi kulala nilikaa macho nikisikiliza pumzi zake.

Binti yetu alizaliwa Machi. Siku niliyomleta kutoka hospitali, mume wangu alitaka kumfunga mwenyewe kanga aliyoitoa kwenye sanduku, ile ya rangi ya chungwa. Akaitandaza kitandani, akamlaza mtoto, akavuta upande mmoja, akavuta wa pili. Haikufika. Akauinua upindo, akautazama ulivyokatwa sawasawa, bila hata uzi mmoja uliochomoza. Nilikuwa nimesimama na chupa ya maji ya moto na sikuweza kuiweka chini.

"Panya wa Uingereza wameendelea," akasema. "Wanatumia mkasi."

"Ni mimi," nikasema.

"Najua."

"Toka lini?"

"Toka Fundi aliposema panya. Yule mzee hajui kusema uongo, alikuwa anaziangalia ndevu zake." Akaendelea kumfunga mtoto, akabana ncha ya kanga kwa pini. "Nilikuwa nangoja uniambie. Nikaona kila usiku unashuka kupapasa, nikasema huyu amekwisha kuniambia."

Nililia mpaka mtoto naye akaanza. Nikamweleza habari ya uji, bakuli, mlango, yote, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa mtoto, akapiga magoti sakafuni, akaweka kiganja juu ya tundu la kwanza, akasema moja. Akaenda la pili. Alihesabu kwa sauti hadi sita, nami nikarudia nyuma yake, moja hadi sita, kama Fundi alivyotufundisha.